Ruhusa ya Mama na Mpira wa Magharibi

Maskati,
Mfungo Mosi

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Zuwena binti Khalfan, Mombasa.

Nnakushika miguu, mama, kwa mbali hivi hivi. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule Mshihiri akuletee imefika, au kajichulia yeye njiani mpaka ikesha? Mimi mwili sijambo, alhamdulillahi. Baridi ya huku mwaka huu imekuja na upepo wa mlimani, asubuhi nnavaa fulana mbili na bado meno yanagongana, lakini nikisema naumwa ntakuwa muongo.

Wewe Raya, dada yangu, unayemsomea mama: soma kwa sauti, polepole, usiruke maneno, na wala usichungulie mwisho. Nnakujua. Mama anataka kusikia jambo moja tu, ruhusa yake ya kuja huku imetoka au haikutoka, na mimi ntalisema. Lakini jambo lenyewe limefungana na mchezo wa kriketi, na nikilisema peke yake hamtanielewa nilichokifanya. Usicheke. Ningekuwa mimi ndo nnayesomewa ningecheka pia, lakini wallahi Ijumaa ile sikucheka hata mara moja.

Mama, unajua kuwa huku haingii mtu mpaka apate ruhusa kutoka juu, na sisi tuliozaliwa Unguja ndo tunaochunguzwa zaidi, tangu yale mapinduzi ya kule. Anayepeleka maombi ya wafanyakazi wa kampuni yetu ni Mngereza mmoja, Mista Holt, mkubwa wa ofisi ya wafanyakazi. Maombi yako nilimpa mkononi kabla ya Ramadhani. Akayasoma mbele yangu, akanambia, "Suleiman, nitalishughulikia." Basi. Toka siku ile akinipita ukumbini nnamwamkia, ananiitikia, kila mtu na njia yake. Wewe ulitulea hivyo: mtu ukishampa haja yako humgongei mlango kila siku, unakaa na heshima zako mpaka akwite. Nikakaa na heshima zangu. Ramadhani ikaingia, ikatoka, sikukuu tukala, mimi bado nnangoja kuitwa.

Jumanne moja Mista Holt akanisimamisha mlangoni. Akaniuliza, "Ijumaa unarusha mpira?"

Nikamwambia, "Nnarusha."

"Vizuri. Baada ya mchezo tuzungumze habari ya mama yako. Njoo ofisini Jumamosi." Akenda zake.

Maneno yale niliyageuza juu chini siku nzima. Kwa nini baada ya mchezo? Kwa nini si pale pale mlangoni, kama ni neno la heri? Nikaenda kumweleza shemejio, Ami Hemed, nnayekaa kwake. Nilimkuta na kahawa yake. Akaweka kikombe chini.

"Kakwambia baada ya mchezo?"

"Ndiyo, Ami."

"Si kabla?"

"Baada."

"Yakhe, weye huna akili? Mtu kakwambia wazi wazi, unataka akuandikie na ukutani? Si yeye ndo kapteni wa hao mnaocheza nao? Mrushie mipira ya kitoto, apige, wake za Wangereza wampigie makofi, Jumamosi akupe ruhusa yako."

"Ami, Holt si mtu wa namna hiyo."

"Umekula naye sahani moja? Mpira ni mpira, Suleiman. Huyu ni mama yako."

Alivyosema huyu ni mama yako nilikuona hapo Mombasa kwenye chumba cha juu kwa Khaloo Bi Aziza, unashuka ngazi kwa kukaa kitako, kidato kwa kidato, kwa sababu ya goti, na watu wa nyumba wanangoja upite. Alkhamisi sikulala, na kazini maneno ya Ami yalinizunguka kichwani mpaka nikamwaga wino.

Sasa mama, kriketi umeiona ukipita Mnazi Mmoja, ukasema watu wazima wanacheza rede. Ntakueleza kidogo tu. Kuna vijiti vitatu vimesimamishwa huku na vitatu kule, na juu yake vimelazwa viwili vidogo. Mpigaji anavilinda kwa gongo. Mrushaji, yaani mimi, anarusha mpira mwekundu mgumu avivunje. Nikivivunja, mpigaji katoka. Akiugusa mpira kwa gongo hata kidogo, ukadakwa kabla haujaanguka chini, katoka vile vile. Akiupiga mbali anakimbia, anahesabiwa mbio. Watu kumi wakitoka, upande ule umekwisha. Na kuna sharti moja ulishike, maana ndo kisa chote: mwamuzi hamtoi mtu kwa kudakwa mpaka aulizwe. Hata kama kaona kwa macho yake mawili. Lazima mmoja wetu aulize, na kawaida tunauliza kwa ukelele wa kupasua koo, "Hauzati!" yaani, vipi hiyo? Msipouliza, mwamuzi ananyamaza, na mpigaji anabaki.

Tulicheza kule bonde la Ruwi, kwenye changarawe tupu, katikati umetandikwa mkeka wa makumbi umepigiliwa misumari. Wao Wangereza wa kampuni na wa jeshini, sisi mchanganyiko: Wahindi wa madukani, Mabaluchi, na Wazinjibari watatu. Tulianza baada ya sala ya Ijumaa, na sharti lilikuwa moja, mchezo unakwisha kwa adhana ya magharibi, isipokuwa mpira uliokwisharushwa unahesabiwa mpaka mwamuzi aondoe vile vijiti vidogo. Ikilia adhana na haujamalizika, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa.

Tukaanza kupiga sisi. Aibu tupu. Walikuwa na kijana wao mmoja wa jeshini, mrefu, shingo nyekundu, anakuja mbio toka mbali huko, na mpira ukimtoka mkononi huuoni. Kapteni wetu, Jivan, mwenye duka la vitambaa Matrah, mpira ulimpata ubavuni akakaa chini kuvuta pumzi. Mimi sikupata hata mbio moja. Niliinua gongo, nikasikia vijiti vinalia nyuma yangu, basi, nikarudi kukaa. Tukatoka wote kwa mbio arubaini na moja. Wake za Wangereza wakaanza kumimina chai wakijua wataenda nyumbani mapema.

Kisha ikawa zamu yangu kurusha, na upepo wa alasiri ukaanza kushuka kutoka mlimani. Mama, upepo ule Mungu kauleta kwa ajili yangu. Nikiurusha mpira unakwenda sawasawa, ukikaribia unapinda, ukianguka kwenye mafundo ya mkeka unaruka. Wa kwanza nikamvunja vijiti. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akadakwa, akanitazama kama kwamba nimemwibia. Wake zao wakaacha chai. Mimi mwenyewe nikashangaa, nikasema leo mkono huu wa nani?

Hapo ndo akaingia Mista Holt.

Ntasema kweli. Mpira wa kwanza nilimrushia mwepesi. Akaupiga, akakimbia mbio mbili. Nikamrushia mwingine wa namna ile ile. Akaupiga tena, lakini safari hii hakukimbia kwa furaha, alinitazama kwanza, uso umemkunjika kama aliyetiliwa sukari kwenye mchuzi. Jivan akaja mbio, akanishika bega. "Suleiman bhai, mkono unauma?"

"Hauumi."

"Basi rusha, bhai. Sisi wengine tumo humu pia."

Neno lile lilinichoma. Watu kumi wamesimama juani wanakamata mipira kwa mikono mitupu kwa ajili yangu, na mimi nnawauza. Nikarusha sawasawa. Lakini Holt naye mchezaji, haogopi. Wenzake upande wa pili wa mkeka wanaanguka, huyu anakuja huyu anatoka, yeye kasimama tu, mbio moja moja, mbio moja moja. Kila nikimkosa nnashukuru, na kila nikishukuru nnajionea haya. Sijapata kuchoka vile na sikuwa nimebeba kitu.

Jua likaanza kugusa mlima. Wao walikuwa wamefika thalathini na tisa, watu tisa nje, na Holt bado yumo. Mbio tatu tu washinde. Mtu mmoja tu atoke tushinde sisi. Kule pembeni Waarabu wa kijijini, waliokuja kututazama kama wanavyotazama wendawazimu, nao walikuwa wamesimama wote. Mpira ninao mimi. Nikaufuta mkono kwenye suruali. Nikaanza kukimbia.

Mpira ulikuwa umeshatoka mkononi mwangu pale mwadhini wa msikiti mdogo wa bondeni aliposema Allahu Akbar.

Ukapinda. Holt akatia gongo. Nikasikia *tik*, sauti ndogo kama ya ukucha. Mpira ukamwingia mikononi Mirdad, dereva wa Kibaluchi anayedaka nyuma ya vijiti. Kadaka vizuri, kwa mikono miwili, kifuani.

Na hakuna aliyepiga ukelele.

Mama, unatujua. Adhana ikilia, hata aliyekuwa anagombana hunyamaza. Mirdad mdomo ulishafunguka, akaufunga. Mwamuzi, Mwalimu Rahim, aliyesimama karibu yangu, akainamisha kichwa, mikono mbele. Hata Jivan, ambaye si Mwislamu, alisimama kimya kwa kutustahi, tena alikuwa mbali, hakusikia kitu. Waliosikia ile tik ni sisi tu: mimi, Mirdad na Holt. Mwalimu Rahim, sikujua kama kasikia. Na Wangereza nao, hayo lazima niyaseme, wakinyamaza adhana ikilia, walishafundishwa.

Basi tumesimama. Holt kaangalia chini, anaugonga gonga mkeka kwa gongo lake. Mirdad kaushika mpira kifuani ananitazama mimi. Anayajua maombi yako, mama, maana ndiye anayenirudisha mjini kila jioni, na nimemjaza masikio mpaka kachoka. Angeweza kuuliza yeye. Aliniachia mimi.

Yule mwadhini ni mzee, anavuta sauti. Sijapata kusikia adhana ndefu vile, Mungu anisamehe. Nikawa nnafikiri: nikinyamaza, Mwalimu atainua vile vijiti vidogo, mchezo utakwisha, hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeumia. Holt atatoka uwanjani kichwa juu, hakuvunjwa na mtu. Jumamosi atakuwa na moyo mweupe. Mirdad hatosema. Holt hatosema. Na wewe utakuja, nikupokee bandarini, nikuweke chumba cha chini, hakuna ngazi. Kunyamaza tu. Hata si uwongo, kunyamaza. Hayya alas-salah, mwadhini anasema, na mimi nnapiga hesabu ya ruhusa. Niliona haya mbele ya Mungu na mbele ya watu, jasho lilinitoka na baridi ile.

Adhana ikakwisha. Mwalimu Rahim akasoma dua yake, midomo inakwenda, akajipangusa uso. Akapiga hatua kwenye vijiti. Akanyoosha mkono.

Nikasema, "Mwalimu, vipi hiyo?"

Sikupiga ukelele. Nilisema kama mtu anayeuliza njia. Mkono wake ukasimama hewani. Akamtazama Mirdad, akamtazama Holt, akanitazama mimi kwa muda. Kisha akainua kidole: katoka.

Utaniuliza kwa nini, mama. Nimejiuliza siku zote hizi. Nnadhani nilikuona umeshafika, umeshakaa, umeshakunywa chai, unaniuliza, "Haya, mwanangu, ruhusa umeipataje?" Na sikuwa na la kukujibu.

Holt akachukua gongo lake kwapani, akatoka. Watu wakanivamia, Jivan kanibusu kichwa, kofia yangu mpaka leo sijui iko wapi. Kisha Mwalimu akatukaripia kuwa magharibi haingoji, tukatawadha kwenye falaji, mfereji wa maji wa pale bondeni, tukasali pale pale juu ya mkeka wa kriketi. Imamu kasoma sura gani sijui. Nilikuwa nnakuombea wewe tu.

Ami Hemed habari zilimfikia kabla yangu. Nilimkuta mlangoni. "Umekitia kitumbua mchanga," akanambia. "Umekitia mchanga kwa mkono wako mwenyewe." Akaingia ndani, hakula na mimi.

Jumamosi nikaenda ofisini. Holt akanambia nikae, akafunga mlango. Nnakufasiria maneno yake, maana Kiswahili hajui.

"Ulirusha vizuri sana," akasema.

"Ahsante."

"Suleiman, jawabu la mama yako lilikuja. Wamekataa. Wametaja wazaliwa wa Unguja wote, si yeye peke yake. Nimejaribu mara mbili. Pole sana."

Haya, Raya. Umeshafika. Mpe mama maji, kisha uendelee.

Nilidhani ni kisasi. Nikamuuliza, "Lilikuja lini?"

"Jumatatu."

Jumatatu, mama. Kabla hajanisimamisha mlangoni. Kabla ya mchezo. Nimekaa siku zote zile nnajipima, nnajitesa, nnamrushia mipira ya kitoto, na jambo lilikuwa limeshakwisha. Ningenyamaza pale uwanjani ningenyamaza bure, nikakukosa wewe na nikajikosa mimi mwenyewe.

"Kwa nini hukunambia Jumanne ile?" nikamuuliza.

Akasema alitaka nicheze kwanza nikiwa na moyo, maana alijua nikishasikia sitocheza. Kisha akasema, na hili ndo linaloniuma mpaka leo, "Na wewe hukuniuliza. Miezi yote hii unaniamkia tu. Nikafikiri labda hutaki kweli."

Hutaki kweli! Mama, nililia. Nililia mbele ya Mngereza, ndani ya ofisi, mtu mzima mwenye ndevu. Yeye akaangalia dirishani mpaka nikamaliza. Si mtu mbaya. Ami Hemed nilipomweleza kuwa jawabu lilikuja kabla, alinisukumia sahani ya halua. Hiyo ndo radhi yake, hana nyingine.

Lakini kabla sijatoka ofisini pale nilimuuliza Holt jambo jengine, safari hii sikungoja kuitwa. Nikamwambia, "Na mimi nikitaka kutoka, niende kwake?"

"Kutoka si shida," akasema. "Kurudi ndiko hakuna. Ukitoka wewe mzaliwa wa Unguja, lango hili hawakufungulii tena. Fikiri sana."

Nimefikiri, mama. Nnajua ulitaka uione Samail, asili yetu ya huku Omani, aliyokuwa akiisifia babu, ukazikwe karibu na wazee wako. Mimi nimekwenda, nimeiona. Maji ya falaji yanapita chini ya mitende, baridi, na kuna nyumba ya udongo wanasema ilikuwa yetu, mlango wake umebaki nusu. Nilikaa kizingitini nikakuhifadhia kila kitu ili nikuhadithie. Inaniuma kuiacha. Kazi nzuri pia inaniuma, huko sijui ntafanya nini, labda ntauza kahawa. Lakini mimi huku na nyumba za babu, na wewe huko unashuka ngazi kwa kitako, hayo siyo maisha.

Kwa hiyo nimeomba kutoka, na nimeshapewa. Meli ya Bombay inapita mwisho wa mwezi, na toka Bombay ntapata ya kunileta Mombasa. Usifunge mizigo, mama. Ile uliyoifunga, ifungue.

Nisalimie Khaloo Bi Aziza, mwenye nyumba, anayewastiri tangu siku ile mlipokimbia Unguja bila kununa. Nisalimie mume wa Raya, na umwambie kile kitanda cha ukumbini asimpe mtu. Nisalimie fundi cherehani wa chini, anayekubebea ndoo ya maji juu, na mke wake, na Bi Mkubwa wa nyumba ya pili anayekukanda goti, na...

La. Raya, acha hapo, usimsalimie mtu. Ntakuja kuwasalimia mwenyewe, mmoja mmoja.

Mwanao,
Suleiman